Mteja kasema kitu kibovu alafu kapotea: urudishe hela, udai mzigo, ulipie fundi au umpe siku?

Kama unauza vitu mtandaoni hii unaijua. Umeposti simu, mtu wa mkoani kaipenda, kalipa, umefunga mzigo vizuri na lile boksi la viatu ukaupeleka stendi, kapokea, kashukuru. Siku ya tatu saa nne usiku inaingia meseji moja: "kaka hii simu haiingizi chaji". Unajibu hapo hapo, unauliza imeanza lini, unaomba video fupi. Tiki moja. Asubuhi tiki moja. Unapiga, haipatikani. Siku mbili, tatu, nne, hamna kitu.

Hapo ndio kichwa kinaanza kuuma maana unaogopa vitu viwili kwa pamoja. Ukikaa kimya na wewe, kesho unakuta picha yako kwenye grupu la matapeli watu wanakomenti "huyo namjua". Ukikimbilia kurudisha hela, unaweza ukawa umepoteza simu na hela vyote siku moja, tena kwa mtu ambae hata hujui kama kweli simu ni mbovu.

Mi nauza simu used na vitu vidogo vya umeme, mzigo nachukua Kariakoo mitaa ya Aggrey, wateja wangu wengi wako mikoani. Jambo hili limenikuta mara kadhaa na kila mara nimelimaliza kivyake, mara nyingine vizuri, mara nyingine nimeumia. Njia ninazozijua ni nne na nitaziweka zote mezani kwa vipimo vilevile. Sitakwambia ipi ndio yenyewe maana inategemea umeuza nini, kwa bei gani na mteja kanyamaza kimya cha aina gani.

Kwanza kimya chenyewe

Kimya si kimoja bwana. Tiki moja maana yake meseji haijafika kwenye simu yake: kaishiwa bando, simu imezimika, yuko sehemu hamna mtandao, au kakublok. Tiki mbili za kijivu imefika ila hajafungua, au kafungua ila kazima ile sehemu ya kuonyesha kasoma. Tiki za bluu na stetasi anaposti harusi ya shemeji yake, huyo kasoma na kaamua. Hawa ni watu tofauti kabisa, usiwatendee sawa.

Yule wa chaji hapo juu alikua dada mmoja wa Mwanza. Siku ya tatu mi nishamhukumu, nishasema moyoni huyu kaona simu nzuri anataka kunizingua nipunguze bei. Siku ya tano ikapiga namba ngeni, ya jirani yake, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Kaka si nimekwambia simu haiingii chaji, sasa ningekujibu na nini?" Laini yake ilikua humo humo, simu ya zamani kashampa mdogo wake. Niliishiwa maneno. Tangu siku ile mteja wa simu akinyamaza swali langu la kwanza ni kama anacho cha kunijibia.

Kwahiyo kabla hujachagua njia yoyote, tuma na meseji ya kawaida, sio WhatsApp tu, maana meseji ya kawaida haitaki bando. Piga mara mbili kwa saa tofauti, asubuhi na jioni. Kama ulimpata kupitia mtu, mwombe huyo mtu akufikishie salamu tu, asimpelekee kesi.

Vipimo vyenyewe

Watu wengi wakilinganisha wanaangalia hela peke yake. Mi cha kwanza naangalia ninahitaji majibu mangapi kutoka kwake ili njia hiyo itembee. Hiki ndio kipimo kinachosahaulika na ndio kinachokukwamisha, maana unaweza ukachagua njia ya haki kabisa, nzuri kwa wote wawili, alafu inahitaji mteja akujibu mara tano na wewe hata mara moja humpati. Njia ya namna hiyo kwa mteja kimya haipo, hata kama kwenye karatasi inapendeza.

Baada ya hapo hela, lakini hela yote: bei ya kitu, nauli ya mzigo kwenda na kurudi, makato ya kutuma, ya fundi. Alafu kitu chenyewe kinaishia mikononi mwa nani. Alafu ushahidi, yaani siku mtu akikuuliza, awe mjumbe, polisi au watu wa kwenye grupu, una nini cha kuonyesha. Na mwisho jina lako, maana kwa sisi tusio na duka la mlango na bango, jina ndio duka.

Sheria kidogo tu, nisikuchoshe. Tanzania kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na Kenya wana ya kwao Sura ya 31, zote mbili zimefuata ile ya Waingereza ya mwaka 1893 ndio maana zinafanana. Mtu aliyenunua bila kukiona kitu ana haki ya kupata nafasi ya kukikagua kikimfikia. Akikikataa kwa haki, sio lazima akurudishie, inatosha akujulishe kwamba amekikataa, kukifuata ni juu yako. Wauzaji wengi hawalijui hili, wanasema "bila kurudisha mzigo sikusikilizi", wakati kisheria jukumu la kusafirisha halikua lake, labda kama mlikubaliana hivyo mwanzo. Upande wa pili, akikaa nacho muda wa kutosha bila kusema anakikataa, anahesabika amekipokea. Hata hapo bado anaweza kudai fidia ya ubovu, ila ile ya kukutupia kitu na kudai hela yote inakua imempita. Huo muda wa kutosha sheria haijauandikia siku, unategemea kitu chenyewe. Na angalia, "haiingizi chaji" ni malalamiko, sio kukataa. Ndio maana inabidi umuulize kwa maandishi anataka nini.

Njia ya 1: Kurudisha hela yote bila kusubiri

Majibu unayohitaji: ukiangalia haraka ni sifuri, una namba iliyolipa, unatuma unalala. Ndio sifa yake kubwa. Ila subiri kwanza, ile namba iliyolipa ni ya nani? Wateja wengi wa mikoani wanaenda kwa wakala, wanampa keshi, wakala anatuma kutoka kwenye simu yake. Fungua meseji ya malipo usome jina. Kama ulimuuzia Neema na jina lililolipa ni la kiduka, ukirudisha huko umempa hela wakala na Neema bado anakudai. Au alilipia shemeji, leo umemrudishia shemeji, kesho Neema anasema mi hela sijaiona na shemeji nae hapatikani. Kwahiyo kiukweli unahitaji jibu moja, la kuthibitisha namba, isipokua kama jina lililolipa ndio jina lake mwenyewe. Ukituma, jina linatokea kabla hujathibitisha, lisome, usibonyeze tu kama unanunua vocha.

Hela: ndio njia ghali kuliko zote. Bei nzima inatoka, makato juu yako, nauli ya kupeleka ulishalipa au alishalipa yeye na atataka umrudishie na hiyo.

Kitu: kinabaki kwake. Kama ni jagi la blenda la elfu kumi na tano, kikae tu, kukirudisha Dar ni gharama kuliko kitu chenyewe. Kama ni laptop, hapo unajua mwenyewe.

Ushahidi: mzuri, ukiandika. Rudisha hela alafu tuma meseji: nimekurudishia shilingi kadhaa, tarehe fulani, ya oda fulani, kwa namba fulani. Ukirudisha kimya kimya bila maneno, baada ya mwezi hiyo hela inaweza kuitwa kitu kingine.

Jina: hamna njia inayosafisha jina haraka kama hii. Mtu akikuposti unajibu na skrinshoti moja, imeisha. Japo kuna ubaya wake, habari zinasambaa, na wapo wanaojifunza kwamba kwako ukisema "mbovu" hela inarudi na kitu kinabaki.

Inamfaa muuzaji wa vitu vya bei ndogo, au yule ambae mwenyewe anajua moyoni kitu kilikua na shida toka dukani. Na inafaa pasipo mjadala kwa kitu cha hatari, nitakirudia.

Njia ya 2: Arudishe mzigo kwanza, uukague, ndio utoe hela au ubadilishe

Hii ndio ya wafanyabiashara wengi na ndio inaonekana ya haki. Nione kwanza. Sawa, ila hesabu majibu: akubali, afunge, apeleke stendi, akutumie picha ya risiti ya mzigo na namba ya gari, akwambie limeondoka saa ngapi, wewe uende Mbezi stendi ya Magufuli ukauchukue alafu umpigie kumwambia umeona nini. Hayo ni majibu manne au matano kutoka kwa mtu ambae ameshindwa kujibu "imeanza lini". Ukimpa njia hii peke yake mteja aliyepotea, jua umeamua kumwacha apotee, hata kama hukukusudia.

Hela: nauli mara mbili, ya kurudi ikiwa juu yako, na ya kumpelekea nyingine kama unabadilisha. Ila bei ya kitu unaiokoa, unatengeneza unauza tena. Kwa kitu cha laki tano kwenda juu hesabu inakubali.

Kitu: kinarudi kwako, na hapa kuna mchezo. Kinachorudi sio lazima kiwe kilichoondoka. Simu inaweza kurudi ni ile ile ila kioo sio kile, betri sio ile. Namba ya IMEI, ile inayoitambulisha kila simu, inakulinda nusu tu, inakwambia bodi ni ile, haikwambii chochote kuhusu kioo. Ndio maana kabla ya kufunga mzigo mi narekodi video: nabonyeza *#06# IMEI inatokea, nageuza simu pande zote, nachomeka chaji inaonekana inaingia, naiweka kwenye boksi nafunga gundi, video haikatiki. Na kwenye skrubu mbili za chini naweka tone la rangi ya kucha, nimeiba kwa mke wangu, nyekundu yenye mng'ao. Ikirudi rangi imepasuka najua imefunguliwa. Ni kitu cha kijinga lakini kimeniokoa mara mbili.

Ushahidi: hii njia ndio yenye ushahidi mzito kuliko zote, maana kitu unacho mkononi. Ila utakua mzito pale tu ulipokua na video ya mwanzo, bila hiyo ni neno lako na neno lake.

Jina: inategemea unavyoiomba. "Rudisha nikague" bila kusema nani analipa nauli inasomeka kama kumkwepa. "Rudisha, nauli juu yangu, huyu hapa kijana wa ofisi ya basi ataupokea" inasomeka tofauti kabisa.

Inamfaa mwenye kitu cha bei kubwa na kidogo kwa umbo, na mteja ambae kimya chake ni cha uvivu tu, ukimpigia anapokea. Friji, tv ya inchi 55, sahau, njiani itapasuka na mtaanza kesi mpya. Na betri iliyovimba usithubutu kumwambia mtu aipakie kwenye buti la basi kwa masaa kumi na tano.

Njia ya 3: Ulipie fundi wa huko huko, au mkatane kwenye bei

Nakiri hii naipenda, kwa simu used hasa, ila sio kwa kila kitu.

Majibu: mawili. Moja akubali, la pili fundi aseme tatizo na bei. Tena hilo la pili sio lazima litoke kwa mteja. Mwambie akifika "nipe fundi niongee nae". Fundi na muuza simu mnaelewana kwa dakika mbili: ni sistimu chaji au ni waya, ni kifaa cha elfu ngapi huko kwenu, ufundi ngapi. Mteja alikua anaona aibu kukujibu kwa sababu hajui kuelezea, watu wengi wananyamaza kwa hilo, ukimwambia naomba video anaona kama unamtilia shaka. Kwa fundi anapeleka simu tu, basi.

Hela: ndogo kuliko zote ukiacha ile ya kusubiri. Weka kikomo mapema kwa maandishi, mfano nalipa mpaka elfu 30, kikizidi tuongee kwanza, la sivyo utaletewa bili ya kioo, betri na kava. Kwa kasoro za macho, mkwaruzo au rangi tofauti na picha, fundi hana kazi, hapo unamrudishia kiasi mkubaliane. Mkishakubaliana aandike mwenyewe kwamba karidhika, usimwandikie wewe.

Kitu: kinabaki kwake na kinafanya kazi, ambacho ndio alichotaka toka mwanzo. Alinunua simu, hakununua hela yake kurudi.

Ushahidi: dhaifu kidogo. Fundi akishafungua, njia ya 2 umeifunga mwenyewe, huwezi tena kujua kilikua kibovu toka kwako au kaharibu fundi. Risiti za mafundi wetu unazijua, karatasi ya daftari. Omba picha ya simu ikiwa wazi mezani na sauti ya fundi akielezea, inatosha kwa kiasi hicho cha hela.

Jina: nzuri, kuna wateja wanaokusifia zaidi ya ambao hawakupata shida kabisa.

Inamfaa muuzaji wa vitu used vyenye mafundi kila mtaa. Haifai kwa kitu kipya kilichofungwa. Mtu kanunua kipya, unamwambia apeleke kwa fundi? Hata mimi ningekuposti.

Njia ya 4: Kumwandikia, kumpa siku, na kusubiri

Majibu: sifuri, kweli kweli sifuri. Unaandika ujumbe mmoja wenye kila kitu, unampa tarehe, unatuma WhatsApp na meseji ya kawaida, unaendelea na kazi zako. Mi huwa naandika hivi:

"Habari dada Neema. Nimepata ujumbe wako wa tarehe 4 kuhusu simu uliyonunua kwangu tarehe 1, IMEI inaishia na 417. Pole kwa usumbufu. Chagua moja: unirudishie kwa basi, nauli juu yangu, nikikuta ni tatizo la simu hela yako yote inarudi, au upeleke kwa fundi huko, niongee nae, nalipa mpaka elfu 30. Naomba jibu mpaka tarehe 12 saa 12 jioni. Nisipokusikia oda hii nitaiweka pembeni, ila ukijitokeza baadae bado tutaongea. Ukikosa namba hii piga ile nyingine."

Ule mstari wa kabla ya mwisho ndio wa muhimu. Wengine wanaandika "baada ya hapo sihusiki" wanadhani wamejikinga. Hujajikinga, kuandika kwako peke yako hakumwondolei mtu haki yake, na kwenye skrinshoti unaonekana mkorofi.

Hela: leo haitoki kitu. Ila usiile. Hiyo hela itenge mpaka tarehe ipite na siku kadhaa mbele, maana wanaopotea wanapenda kurudi siku umeshanunua mzigo mpya na huna hata mia.

Kitu: kinakaa kwake, kibovu, na kadri siku zinavyoenda ndio inakua ngumu kujua kilikua kibovu toka mwanzo au kimeanguka kwenye ndoo ya maji jana.

Ushahidi: mkubwa sana kwa kazi ndogo sana. Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayotambua ushahidi wa kielektroniki, kwahiyo meseji zako sio hadithi, zinaweza kusomwa mahakamani. Kenya kuna mahakama za madai madogo zinazochukua kesi mpaka shilingi milioni moja ya huko, na mtu mwenye ujumbe wa namna hii wenye tarehe anaenda pale na kitu mkononi. Usifute mazungumzo, hata akikublok. Hamisha nakala kwenye imeili, maana na wewe simu yako inaweza kuibiwa.

Jina: iko katikati. Kwa mtu mwenye akili ujumbe ule unakusafisha. Ila njia hii ndio kichaka cha wauzaji wavivu, wanaandika mara moja, wanaomba Mungu asijibu. Na wateja wanajua.

Inamfaa yeyote mwenye mteja wa tiki za bluu, mwenye kitu cha bei ya kati na asiyejua bado ukweli uko wapi. Inaweza pia kutangulia njia nyingine yoyote, na mimi mara nyingi naanzia hapa alafu nahamia ya 3.

Sasa wewe uko wapi?

Kitu cha chini ya elfu ishirini na namba iliyolipa ni ya jina lake: rudisha hela, andika meseji, usipoteze siku mbili za kupiga simu kwa ajili ya jagi.

Kitu cha laki kadhaa, anapokea simu ila hajibu meseji: ni mtu wa kuongea huyo, usimwandikie insha. Piga, mweleze njia ya 2 kwa sauti, alafu mtumie mstari mmoja wa mlichokubaliana. Hapa Dar kwenyewe ni rahisi zaidi, mtume boda akaufuate, akikubali leo jioni unao.

Used, mkoani, tiki moja: njia ya 3 ndani ya njia ya 4. Ujumbe wenye tarehe, umetaja fundi na kikomo, na tarehe iwe ya mbali kidogo, siku kumi hata kumi na nne, maana hujui kama anacho cha kukujibia.

Tiki za bluu na maisha yake yanaendelea: njia ya 4, ujumbe mmoja, na uache hapo. Ukimtumia meseji saba unaonekana mwenye hatia, na yeye ana skrinshoti pia.

Alilipa nusu, anadaiwa nusu, na ubovu umejitokeza siku ya deni: usiseme anadanganya hata kama ndio unachowaza. Tenganisha mambo mawili kwenye ujumbe, ubovu tuumalize hivi, deni tuliongee baada ya hapo. Njia ya 2 ndio inayofaa hapa kuliko nyingine, kwa sababu mwenye kitu kizima huwa hataki kukirudisha.

Mteja hajalalamika kabisa, wewe ndio umegundua: umeuza chaja kumi za mzigo mmoja, mbili zimerudi zimeyeyuka, wale wengine nane hawajui. Hapa usilete habari za tarehe. Piga kila mmoja, asiyepokea mtumie meseji inayoanza na "usiitumie hiyo chaja", hilo kwanza kabla ya salamu, alafu rudisha hela bila kudai mzigo. Asiyejibu mtafute mpaka umpate, hata kwa jirani, maana hiyo chaja iko kitandani kwa mtoto wa mtu. Betri inayovimba ni hivyo hivyo.

Na yule anaejitokeza tarehe imeshapita, msikilize. Dada wa Mwanza alinipigia baada ya siku tano, nilikua sijamwandikia tarehe yoyote, enzi hizo sijajifunza. Tuliongea na fundi wake kwa simu ya jirani, akasema ni sistimu chaji, elfu 18 pamoja na ufundi. Nikatuma elfu 18 kamili. Simu ikatengenezwa jioni ile ile, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinijibu ndani ya dakika moja:

"Asante kaka. Na ya kutolea je?"